Chupa Iliyoonekana Tupu

Tangu daktari Mjerumani apige hema lake Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, Mwasiti na mumewe Hamissi walikuwa wakimtafutia viumbe vya ziwani visivyo na uti wa mgongo. Mwasiti ndiye aliyekuwa na macho makali. Aliingia majini akapapasa chini ya mawe, kisha akapanga kama daktari alivyowafundisha: konokono, wenye mwili laini ndani ya gamba, chupa yao; kaa na uduvi, wenye ngozi ngumu na miguu ya vipingili, chupa yao; ruba, mwili wa pete pete, peke yake. Hamissi alimpelekea daktari chupa hizo.

Asubuhi moja jirani yao Kulthumu alimjia mbio.

"Dada Mwasiti, kimbia! Wamemukamata Hamissi. Wanasema ameleta chupa ya maji matupu, amemufanya Muzungu mujinga. Viboko ishirini na tano!"

Mwasiti aliacha unga juani. Chupa ile alikuwa ameijaza mwenyewe alfajiri.

Alimkuta Hamissi amelazwa kifudifudi mbele ya hema la daktari, askari amesimama juu yake na kiboko mkononi. Daktari alikuwa amekunja uso.

"Bwana daktari, naomba hiyo chupa," Mwasiti alisema, akapiga magoti.

"Toka hapa, mwanamuke!" askari alifoka. Lakini daktari aliinua mkono kumnyamazisha.

Mwasiti alivua kaniki yake nyeusi mabegani, akaishika nyuma ya chupa. "Iko ndani, Bwana. Angalia pole pole."

Hakukuonekana kitu. Mwasiti akasogeza uso karibu: je, kama viumbe wale wamekufa wakayeyuka? Ndipo kisahani kidogo, kiangavu kama maji yenyewe, kikafunguka na kujifumba, vijinyuzi vikicheza pembeni. Kikafuata cha pili, na cha tatu.

"Hana gamba, hana miguu, hana mufupa hata moja," alisema. "Ukimutoa kwenye maji ananywea, anabaki ute tu."

Daktari alipiga magoti, pua ikagusa chupa. Akacheka kama mtoto, akamwashiria askari amwachie Hamissi.

Njiani kurudi, Mwasiti alikaa mchangani. Hamissi akakaa kando yake, akijipangusa vumbi kifuani.

"Kwa nini hukuniambia kwamba kuna kitu ndani?"

"Nilikuambia. Ulisema 'ndiyo' huku unakoroma."

Hamissi alimtazama, kisha wakacheka wote wawili mpaka machozi yakawatoka.