Ukuta Unatosha

Zilpah aliitazama video jikoni kwake Rooty Hill, pembeni mwa jiji la Sydney, na kabla haijaisha alikuwa tayari anatafuta funguo za gari. Ilitumwa na Patient, fundi wa kujitolea wa kanisa lao la Kiswahili kule Guildford. Alikuwa anacheka, nyundo kubwa begani. Nyuma yake, kwenye ukuta wa matofali uliotenganisha ukumbi na chumba cha mchungaji, palikuwa na tundu la ukubwa wa mlango.

"Wapendwa, kazi imeanza!"

Akampigia simu. Haikupokelewa. Akampigia Pasta Masumbuko. Kimya vilevile.

Barabarani alijaribu kuendesha taratibu akashindwa. Alifanya kazi katika ofisi ya kutunza majengo ya zamani, na chuoni alikuwa ameandika tasnifu juu ya Wilfred Garside, msanifu Mwingereza aliyelijenga kanisa lile. Alimjua kama mtu wa kwao. Mtoto wa mchonga mawe wa Yorkshire, aliyepata jina London mapema kwa kumbi kubwa zilizobebwa na vyuma. Kisha roshani ya ukumbi wake mmoja ikaanguka watu wakiwa juu yake. Mahakama haikumtia hatiani, lakini yeye mwenyewe hakujisamehe. Akapanda meli kuja Sydney, na hadi anakufa alijenga vikanisa vidogo tu vya matofali, bila chuma hata kimoja. Kuta zake za ndani zilionekana nyepesi, kama za kugawa vyumba, kumbe ndizo zilizobeba paa.

Haya yote alikuwa amewaeleza waumini wenzake Jumapili iliyopita, kwa ile sauti yake ndogo, kiganja kikiwa juu ya matofali. Walitaka kuupanua ukumbi. Walimsikiliza, wakaitikia kwa vichwa, wakamshukuru. Sasa walikuwa wanabomoa.

Vumbi lilikuwa linatoka mlangoni alipofika. Ndani, Aline na akina mama wa kwaya walikuwa wanakusanya matofali chini ya tundu, wakiimba. Patient alikuwa juu ya ngazi.

"Patient, ngoja," Zilpah alisema. Hakuna aliyesikia.

"Acheni!"

Wimbo ulikatika. Hata yeye alishtuka.

"Mama injinia ameamka vibaya leo," Patient alisema. "Chai haikuiva?"

"Shuka. Dada Aline, watoe watu nje, tafadhali. Nani amewaambia mvunje?"

"Si weye!" Patient alijibu.

Pasta Masumbuko alitokea upande wa pili, nywele nyeupe kwa vumbi. "Dada Zilpah, ulisema mbele yetu sote. Ukuta huu unatosha."

"Ndiyo, unatosha! Haujapungukiwa na kitu. Unabeba paa peke yake!"

Wakatazamana. Pasta ndiye aliyeelewa kwanza.

"Kwetu Kongo, kutosha ni kuondoa," alisema polepole. "Ulituambia 'unatosha', na sisi tukasikia umetuambia tuutoe."

Juu yao kitu kilialika, kwa mlio wa kupasuka. Vumbi jembamba likamwagika kwenye bega la Patient, na kicheko kikamfutika usoni. Zilpah aliinua macho. Ufa ulikuwa unapanda kutoka tundu, tofali kwa tofali, kuelekea kwenye kenchi za paa.

Alitamani kulia. Wangeweza kukimbia wote, na paa lingeanguka bila kuumiza mtu. Lakini hawakuwa na kanisa jingine.

"Kuna kitu cha kuegemeza?"

"Iko nguzo za chuma kwa gari," Patient alisema. "Na mbao nene."

Garside angekataa. Zilpah hakuwa na nafasi ya kumfikiria.

"Zilete. Nitakuonyesha pa kuweka."

"Hapana, dada, nielekeze tu ukiwa mlangoni."

"Kutoka mlangoni sioni ufa. Pasta, wewe omba ukiwa nje."

Wengine walipotoka, wao wawili walipitisha ubao juu ya tundu, wakausimamishia nguzo mbili. Patient alishika mpini unaorefusha nguzo na kuubana ubao juu. Zilpah aliweka kiganja ukutani, akauhisi unatetemeka.

"Zungusha. Kidogo. Kidogo tena."

Paa lilialika mara nyingine, kwa sauti kubwa zaidi. Patient aliganda.

"Usiachie," Zilpah alinong'ona. "Kidogo tena, kaka yangu. Hapo."

Wakasubiri. Vumbi liliacha kumwagika.

Nje, Patient alikaa kwenye ukingo wa barabara akaitazama mikono yake. Pasta hakutaka kuuliza, lakini akauliza. "Tumeliua kanisa?"

"Sijui, Pasta. Mhandisi aje aone kwanza. Mpaka hapo, asiingie mtu."

"Na ibada ya kesho?"

"Hapa kwenye nyasi."

Aline alikuwa ameshaanza kuelekea mlangoni. "Basi tutoe viti, watu wapate pa kukaa."

Zilpah alimtangulia, akauvuta mlango, akageuza ufunguo.

"Tutakaa chini," alisema.