Programu ya Masikio ya Baba

Kinyaa kilimpanda mpima masikio tangu kaka yake alipojitupa mbele ya kompyuta ya kliniki na pakiti yake ya karanga. Anatafuna, anajilamba vidole, kisha vidole vilevile anavirudisha kwenye kibodi ya watu. Nyumbani walimbandika jina la Mjuaji, naye mshamba huyo akaliona ni sifa.

Yeye ndiye aliyeiwekea kompyuta mfumo mpya bila kuuliza mtu, akijipiga kifua kwamba sasa itakimbia. Ikakimbia kweli, ila programu kuukuu ya kurekebishia vifaa vya kusikia vya baba yao ikagoma kufunguka. Na vifaa vyenyewe vilikuwa vimetoka matengenezoni vikiwa vitupu, mipangilio yote ya sauti imefutwa. Bila programu ile, baba angebaki kiziwi. Mzee alikuwa ameketi kando yao, vifaa masikioni, nyaya za kompyuta zikimning'inia shingoni, akiwatazama midomo.

"Tunaidanganya," Mjuaji alisema. "Tunaiambia bado iko kwenye mfumo wake wa zamani."

Akaweka alama kwenye mipangilio, akabonyeza. Dirisha la programu likafunguka, likaganda, likawa jeupe. Ukatokea ujumbe kwamba imeshindwa.

"Achana nayo, dada. Takataka hii."

"Na baba je?"

"Baba nini? Akisikia kutaongezeka nini zaidi ya maswali? Tangu masikio yazibe, nyumba imetulia. Mke wangu anasema bora abaki hivyohivyo. Akizidi, mchukue wewe."

Aliyasema huku akimtabasamia mzee, kama walivyozoea wote nyumbani: unamsema baba ukimchekea, naye anakuitikia kwa kichwa. Maneno yale yalimchefua dada mtu. Kilichomchefua zaidi ni kwamba naye alikuwa akitabasamu.

"Mimi nitamweka wapi?" alijibu. "Nami nimechoka naye."

Safari hii mzee hakuitikia kwa kichwa. Aliigeukia feni iliyokuwa ikikwaruza darini, kisha akaligeukia dirisha, nje kulikopita pikipiki.

Mpima masikio alikurupuka. Programu ilikuwa imeshindwa kwenye kioo tu. Mipangilio ya sauti ilikuwa imekwisha kuingia kwenye vifaa.

"Baba, unanisikia?"

"Nawasikia vizuri, mwanangu."

Akavivua vifaa, kimoja kimoja, akaviweka mezani mbele yao.

"Virudisheni kama vilivyokuwa."