Upawa Mmoja wa Sombe

Mchi ulimponyoka Siti sokoni Kibondo, ukabiringika hadi kwenye madumu ya Winnie.

"Mama Firdausi, hata mchi unakukimbia?" Winnie, muuza mawese, alicheka. "Au sombe imekushinda?"

Siti aliutazama mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwepo vyote vitano, vimepakwa kijani cha majani ya muhogo aliyokuwa akitwangia sombe, lakini havikuwa vyake. Alivitaka vikunjike, vikakataa. Baada ya muda vikarudi kimoja kimoja, kama kuku wanaoingia bandani.

Akaokota mchi. Sombe ya harusi kwa Mzee Shamsi ilitakiwa saa saba, mabeseni mawili.

Kifuani, vali ya chuma aliyowekewa Dar es Salaam miaka miwili iliyopita iligonga: ti, ti, ti. Daktari alimwambia kwamba damu hupenda kuganda kwenye chuma. Donge likichomoka, huweza kupanda kichwani na kupoozesha viungo. Ndiyo maana kila Magharibi alimeza kidonge cha kuizuia damu isigande. Hakuwahi kuruka hata siku moja. Basi vidole vina nini?

Alitwanga mara kumi, akasimama. Akavikunja vidole. Akatwanga tena. Akasimama.

"Leo una nini? Huketi, hutwangi."

"Mkono ulikufa kidogo."

Winnie akaacha kucheka. "Kliniki yako lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatatu, dada."

"Na harusi?"

"Nitatwanga mimi. Hakuna bibi harusi anayeuliza nani katwanga."

Siti akatazama beseni, akatazama vidole. Akauacha mchi ndani ya kinu.

Mchana alikuwa kliniki Kasulu, kanga yake ina madoa ya kijani. Muuguzi Melkiadi alimchoma kidole, akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Moja nukta tatu. Yako tunataka ivuke mbili na nusu. Damu yako inaganda upesi mno, mama. Unakula nini?"

"Mboga za majani niliacha. Tangu mliponionya."

"Hatukusema uache. Majani ya kijani hupunguza nguvu ya kidonge, ndiyo maana tulisema usile nyingi leo na kidogo kesho. Dozi yako inafuata sahani yako." Akaitazama kanga. "Na hayo madoa?"

Siti akainama. Majuma matatu ya mvua, wateja wachache. Sombe iliyotwangwa hailali, na kwao chakula hakimwagwi. Kila jioni yeye na mumewe Hilali walikula iliyobaki, sahani imejaa hadi ukingoni. Kisha akameza kidonge chake, kwa uaminifu.

"Nilikula," alisema. "Nyingi."

"Leo hurudi Kibondo," Melkiadi alisema taratibu. "Daktari anakuja kukuona sasa hivi."

Asubuhi iliyofuata Hilali alimkuta ameketi kitandani wodini, miguu haitulii. Tumbo lilimuuma palipochomwa sindano ya kuizuia damu isigande.

"Watu wa harusi wameshiba," Hilali alisema. "Winnie ndiye hawezi kuinua mabega." Akatoa mfukoni upawa mdogo wa kifuu. "Nimeongea na muuguzi. Mmoja tu, kila siku. Nitakupimia mimi."

"Na itakayobaki?"

"Winnie ana nguruwe."

Siti akacheka kidogo. Akaufungua mkono wa kulia juu ya shuka, akaanza kukunja vidole, kimoja kwa kila mlio wa vali. Ti. Ti. Hilali aliisikia, akaanza kugonga upawa gotini polepole, akiifuata.

Kidole cha mwisho kilichelewa. Wakakingoja wote wawili.