Vichwa vya Mjomba

Wanasema elimu ni bahari. Sisi wa Kalemie tuna ziwa tu, lakini Laure alizama vilevile. Miaka sita alijifungia katika chumba cha chuo akipima mafuvu ya sungura: mia na kumi ya Kabalo, tisini ya kwao Niemba. Ya Kabalo yalikuwa na pua ndefu. Ya Niemba pua fupi na paji la mviringo. Ndugu wa ukoo mmoja, akaandika, lakini aina mbili. Alhamisi angesimama mbele ya maprofesa kuitetea kazi hiyo, na sungura wa Niemba wangepewa jina lao.

Fidèle, mwenzake wa meza ya pili, aliwahi kumuuliza kama ana hakika mafuvu ya Niemba si ya wanyama wadogo. Laure alimnunia wiki nzima. Mafuvu yalitoka kwa baba yake mzazi, papa Urbain, mwindaji tangu ujana. Nani angemfundisha kumjua sungura?

Jumamosi mjomba Gérard akafariki, Laure akaenda Niemba kwenye kilio. Jikoni kwa marehemu, juu ya moto, kulining'inia kikapu kimejaa mafuvu ya sungura, meusi kwa masizi. Mzee alikuwa akiyatunza kama heshima yake. Laure akatoa kipimo mkobani. La kwanza, pua ndefu. La pili, ndefu. La kumi, sawasawa na ya Kabalo.

Akamvuta baba yake pembeni. "Papa, hivi vichwa vilitoka wapi?"

"Njo vyangu. Niliwaua huku huku."

"Mbona mimi haukunitumia?"

Papa Urbain akamshangaa. "Kichwa cha munyama mukubwa njo cha mujomba. Weye nilikutumia vya wadogo. Si weye mwenyewe, ukiwa mutoto, ulikuwa unamupelekea kwenye sahani?"

Ni kweli. Alizibeba sahani zile kwa mikono miwili, akapiga goti, na siku moja mjomba alimmegea ulimi. Aliijua desturi hiyo kabla hajajua kusoma. Mgeni angesamehewa, yeye alizaliwa humo. Aina mbili hazikuwapo, walikuwapo sungura wakubwa na watoto wao tu, ambao pua zilikuwa hazijarefuka.

Baba yake alikuwa ameshawageukia waombolezaji. "Huyu njo mutoto wangu. Alhamisi sungura wetu watapata jina."

Wazee wakaja mmoja mmoja kumpongeza, pale pale kwenye kilio. Laure akaupokea kila mkono, wake ukiwa mweusi kwa masizi.