Moto Uliotoka kwa Shukuru

"Mama Eliamani, kweli utawapikia watu wa Mungu kwa mavi?" Jirani yangu Mama Aisia aliniuliza hivyo siku marehemu mume wangu alipomaliza kujenga mtambo wa gesi ya samadi nyuma ya zizi. Tangu hapo bomba sijaligusa. Na leo asubuhi jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwangu, mafuta ya taa yameniishia, duka limefungwa.

Usiku wa jana niliota lile swali limekuja lenyewe, limekaa kwenye kigoda changu, limekunja miguu. Nikalikaribisha. Mgeni ni mgeni.

Mara dumu la mafuta ya taa linaanza kulia.

"Una nini wewe?"

"Mimi ni maiti," linasema. "Nilizikwa zamani, watu hawajajua hata kuzika, nikaozea ardhini hadi nikawa mafuta. Wakanifukua, wakanipakia melini, ukanichemshia maharage."

Mimi, ambaye sikosi msiba hata wa nisiyemjua, miaka yote hii nachoma marehemu wa watu bila kutoa pole! Nikajifunga kanga ya msiba. "Poleni wafiwa," nikasema. Hakuna aliyeitika. Wafiwa nao walishakuwa mafuta.

Nikigeuka, jiko limekuwa kanisa. Ng'ombe wangu Shukuru yuko mbele, amevaa joho la kwaya, anatangaza: "Anayetaka chai alete majani."

Watu wamepanga foleni, kila mmoja na fungu lake. Mimi nimeshika kitabu cha nyimbo. Shukuru anakinusa.

"Hiki hakiliki."

"Lakini nimekiimba chote."

"Hujanishibisha, mama. Mimi nala majani ya mwaka huu, natoa moto wa mwaka huu, na mbolea inaotesha mengine. Wewe unanikatia majani kila siku, halafu chai unakwenda kuiomba kaburini."

Swali likanyanyuka kigodani. "Lakini inanuka!"

Kwenye benchi la nyuma nikasikia sauti ya marehemu mume wangu, ile ile ya kuchoka nami: "Mke wangu, si ufungue tu?"

Nikafungua bomba. Nikawasha kiberiti, nikasogeza pua karibu kabisa, ili nikitoa ushuhuda niutoe kwa hakika. Moto wa bluu ukanipokea. Harufu pekee niliyoisikia ilikuwa ya nywele.

Nikaamka kitandani. Nikajipapasa uso: nyusi ya kulia haipo. Nikaenda jikoni. Chupa ya chai imejaa, tena ya moto.

Mama Aisia alitangulia wenzake, kichwani mzigo wa majani ya ng'ombe wake. Nikammiminia. Akanywa, akasifu.

"Mafuta ya taa umeyapata wapi, mwenzangu?"

"Sijapata."

Akaitazama nyusi iliyobaki. Akainusa chai. Akaimaliza yote, akabeba mzigo wake, akautua mbele ya Shukuru, akatoka uani kwenda kumkatia ng'ombe wake mengine.