Joto Lilipopanda, Tulikuwa Tumechelewa

Mimi si mtu wa kusubiri. Hata ndoa nilimpendekezea Jarkko mwenyewe, maana yeye angekuwa anafikiria mpaka leo. Kwa hiyo mnaweza kukisia hali yangu tulipotafuta mtoto majira mawili ya baridi mfululizo, na tumbo likabaki vilevile.

Jarkko ni fundi wa mitambo kwenye meli ya kuvunja barafu, huku kwetu Kemi, mji wa bandari wa kaskazini ambako bahari huganda. Anakaa melini wiki kadhaa, kisha anarudi nyumbani wiki kadhaa. Mtoto alipaswa kupatikana katika zile wiki za nyumbani, na mimi nilikuwa na mbinu yangu. Kila asubuhi, kabla sijainua kichwa, niliweka kipimajoto mdomoni. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba yai la mwanamke likitoka, joto la mwili hupanda kidogo. Basi nilingoja lipande. Likipanda tu, Jarkko hakuwa na pumziko. Siku moja nilimshusha kutoka juu ya paa alikokuwa akikwangua theluji, akaja chumbani na viatu vyake. Hakulalamika. Lakini kila mwezi damu ilikuja, nami nikajifungia bafuni nikalia. Nilianza kuamini kwamba mwili wangu ni mbovu. Jarkko naye aliacha kuingia sauna, kile chumba chetu cha mvuke wa moto, maana alisikia joto kali huchosha mbegu za mwanamume, na mwanamume wa kwetu akiacha sauna ujue ana huzuni kubwa.

Jumamosi moja ya Februari mdogo wangu Oona alikuja kutoka Oulu anakosoma. Tukaingia sauna wawili, kama kawaida yetu. Mambo mazito hatuyasemi mezani. Tunayasema tukiwa uchi kwenye benchi la mbao, macho kwenye mawe ya moto ili tusitazamane. Oona alikaa benchi la chini, lisilo na joto kali, na hajawahi kukaa chini tangu utotoni. Nilimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukatufunika, ndipo akasema ana mimba.

Niseme ukweli, nilimwonea wivu. Yeye na Teemu wake walikuwa hawataki mtoto mpaka wamalize chuo, na njia waliyokuwa wakitumia kumkwepa nilimfundisha mimi.

"Nilifuata kama ulivyoniambia, dada," alisema. "Joto likipanda, Teemu anakwenda kulala kwa rafiki yake. Likiwa chini, hakuna hatari."

"Na lilikuwa chini?"

"Chini kabisa. Nesi wa kliniki aliposikia hivyo nusura adondoshe kalamu."

Kisha akanieleza alichoambiwa na yule nesi. Joto hupanda yai likiwa limeshatoka. Yai lenyewe huishi siku moja tu, au pungufu, basi limekwisha. Lakini mbegu za mwanamume zinaweza kukaa ndani zikilingoja hata siku tano. Kwa hiyo siku za hatari ni zile za kabla, wakati kipimajoto bado kimenyamaza. Mwanamke anayejichunguza huzitambua kwa ute wake, ambao siku hizo huwa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi.

Oona alisema yote hayo huku analia. Mimi nilikuwa nimesimama, ndoo mkononi.

Miezi yote ile tulikuwa tunakimbilia duka lililokwisha fungwa! Kosa langu moja lilikuwa limempa mtoto mdogo wangu ambaye hakuwa tayari, na likaninyima mimi niliyekuwa tayari. Nilimkumbatia pamoja na jasho lake, nikamwomba radhi, na katikati ya kuomba radhi nikaanza kucheka. Ule ute nilikuwa nimeuona asubuhi hiyohiyo. Na joto lilikuwa chini.

"Unacheka nini wewe?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba Jarkko angerudi Jumatano, na Jumatano ingekuwa yaleyale ya kuchelewa.

"Sasa si umpigie, mwendawazimu wewe," alisema Oona, akipangusa machozi kwa kiganja. "Angalau mmoja wetu apate mimba kwa makusudi."

Nilipiga simu nikiwa na taulo tu. Meli ilikuwa inaingia bandarini mchana huo kuchukua mafuta, kisha iondoke tena. Nilimweleza Jarkko mbiombio, kipimajoto, yai, nesi, kila kitu.

"Kwa hiyo ni leo," alisema.

"Leo au kesho. Tafuta mtu akushikie zamu. Sema lolote, sema naumwa."

Hapo nilisahau nimeolewa na nani. Jarkko hajui kudanganya, hata kwa jambo dogo. Alimfuata nahodha, mama mmoja mkali anayeitwa Hellevi, akaomba ruhusa. Nahodha akamwuliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Jarkko akajibu, mbele ya chumba kizima cha watu wanaokula supu ya samaki, kwamba hapana, mke wake ana yai.

Nasikia nahodha alimaliza supu yake kwanza. Kisha akasema barafu itavunjika hata bila Jarkko, akampigia simu fundi wa akiba, mzee Kauko, aliyekuwa Tornio, si mbali.

Nilipofika bandarini Kauko alikuwa anapanda ngazi na Jarkko anashuka. Mabaharia wamejipanga juu, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Walitazama anga, wakatazama barafu, mmoja akawa anachunguza glavu yake kama hajapata kuiona. Hiyo ndiyo heshima ya kwetu, nami nilitamani ardhi ipasuke. Jarkko aliingia garini, begi mapajani, masikio mekundu.

"Uliwaambia," nilisema.

"Waliuliza."

Nikaanza kucheka, naye akacheka, jambo la nadra, na mwendo niliokwenda nao barabarani sitautaja. Nyumbani tulikuta Oona ameondoka kwenda kwa mama, ameacha mikate ya mdalasini mezani na sauna bado ina joto. Sauna hatukuigusa, tukaenda moja kwa moja chumbani.

Siku mbili baadaye joto langu lilipanda, na mara hii tulikuwa tumelitangulia. Nesi, Oona alipomsimulia, alimwagiza aniambie nisijidanganye, kwamba hata wanaolenga siku zenyewe mara nyingi hujaribu miezi kadhaa. Nilijikataza kutumaini, kisha nikatumaini asubuhi, mchana na jioni. Oona alinipigia kusema yeye na Teemu wameamua kumlea mtoto wao. Sauti yake ilikuwa na woga bado, lakini hakulia.

Joto langu halikushuka, na kwa kawaida hushuka damu ikikaribia. Damu haikuja. Kipimo cha mimba kikatoa mistari miwili, nikanunua kingine, nacho vilevile. Jarkko alikuwa amerudi melini, nikampigia saa ya chakula. Alipopokea, nyuma yake hapakuwa na sauti ya sahani wala ya mtu. Kumbe meli nzima ilikuwa inahesabu siku.

"Tumepata," nilisema.

Nilimsikia akiondoa simu sikioni na kuwaambia wenzake neno moja tu, ndiyo. Meza ikaanza kugongwa kwa vijiko. Watu wazima, ambao hata salamu zao ni kutikisa kichwa, waligonga na kugonga bila kuchoka. Simu iliporudi sikioni Jarkko alikuwa analia mbele yao wote, wala hakujificha.