Mke Mwenza wa Magurudumu Manane

Saa nne asubuhi fundi cherehani alikuwa anaweka kola kwenye shati la tatu la sare za shule, gari la deraya likaingia uani. Kichochoro cha nyumba yake kina upana wa hatua mbili, na gari lilikuwa na upana wa hatua nne. Lilibana pumzi likapita, kama mtu mnene anavyopita katikati ya viti vya watu, likasimama chini ya kamba ya nguo. Ndani hapakuwa na mtu. Fundi alikata uzi kwa meno, akainuka kwenda kuanua mashuka yasichafuke.

"Mke mwenzako kafika," jirani alisema kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Namwona. Hata hodi hapigi."

Jina hilo alilitoa fundi mwenyewe, zamani, kwa utani wenye wivu kidogo ndani yake. Mumewe alikuwa dereva wa gari hilo jeshini, na kila akija likizo habari zake zilikuwa hizohizo. Magurudumu manane, yote yanavuta. Risasi ikitoboa tairi, linakwenda kilomita hamsini nyingine kama halijasikia. Pua yake imelazwa ili risasi iteleze. Likifika mtoni linaelea na kuvuka, linasukumwa na mapanga mawili yanayozunguka nyuma. Dereva hana dirisha. Anaiona njia kwa vioo vya kuchungulia, vinavyopokezana picha kutoka juu ya paa mpaka machoni pake.

"Mimi naweza kushona kifungo gizani," mkewe alimwambia siku moja, "mbona hunisifu hivyo?" Mwanamume alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Jambo moja tu alilisema kwa sauti ya chini. Kitabu cha gari kinasema tumbo lake lina mabamba mawili mazito, yaliyokutana katikati kama chini ya mashua, ili bomu lililotegwa ardhini likilipuka moto wake ukimbilie pembeni. Yeye alikuwa amelala chini ya gari akaligonga kwa spana. Bamba lilikuwa moja, bapa, na lililia kama debe.

Huu ni mwaka wa pili hajarudi. Fundi akiandika kuuliza, ofisi hujibu kwa maneno yaleyale: gari la aina hii halitoboki tumbo, kwa hiyo hakuna aliyefia ndani yake, kwa hiyo dereva yuko kazini.

Mama mkwe, anayeshinda barazani akichagua vifungo kwenye kopo, hakuwa na ugomvi na barua. Alikuwa na swali moja. "Mwanangu nimwombee na walio hai au na waliotangulia? Mungu anajua, lakini anayepiga magoti ni mimi, na magoti yenyewe yamebakiza siku chache."

Gari lilianza kuja baada ya mvua za kwanza, kila siku saa nne. Fundi huingia kwa mlango wa juu na kukaa kwenye kiti cha dereva, ambacho bado kimesogezwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu. Kwenye vioo hauonekani ua. Inaonekana njia ya kutoka kambini mpaka darajani, ya asubuhi ile ya mwisho, kama mumewe alivyoiona. Mumewe akitazama usukani, fundi anaiona mikono yake, na ukucha wa gumba uliopondwa na mlango wa nyumba hii. Uso hauoni. Huwa anangoja labda mumewe atajitazama kwenye kioo cha mfukoni. Hajawahi kujitazama. Daraja likianza kuonekana, fundi hufumba macho na kushuka.

Aliandika barua kwamba gari la serikali liko uani kwake na lina tundu tumboni, na ofisi ikamtuma mkaguzi. Alikuja na kitabu, tochi na shati jeupe. Fundi alimtandikia gunia, naye akalala chini ya gari. Alipokuwa anapima, kuku wa jirani aliingia kwa tundu la tumboni akatokea juu kwenye mlango wa dereva.

"Umeona, baba?" mama mkwe aliuliza.

"Nimeona, mama."

"Basi andika."

Mkaguzi alifungua kitabu, akasoma ukurasa mara mbili. "Hapa wanasema halitoboki."

"Na kuku kapita wapi?"

"Kuku hayumo kitabuni, mama." Akaandika: tumbo ni zima. Kisha akamgeukia fundi bila kumtazama usoni. "Dada, nikiandika tundu, wataniuliza nani alikubali bamba moja. Anayeuliza ndiye aliyekubali." Alipewa maji, akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Fundi hakurudi kwenye cherehani. Alipanda garini akafunga mkanda. Karatasi imekataa kushuhudia. Basi atashuhudia yeye. Njia ilikuja kama kila siku: vumbi, mbuzi watatu, mwanamke mwenye ndoo aliyepisha, mikono ikigonga usukani kwa wimbo usiosikika. Daraja likatokea. Safari hii hakufumba.

Kioo kikawa cheupe, kikawa cheusi, kikatulia. Mumewe alikuwa anatazama chini, katikati ya miguu, mahali ilipokuwa sakafu. Palikuwa na majani. Sisimizi mmoja alikuwa anapanda jani, anateleza, anaanza tena. Alimtazama mpaka akafika juu. Baada ya hapo hakuna aliyetazama, na kioo kikaonyesha ua, na jirani akimfukuza kuku wake.

Fundi alishuka akachuchumaa mbele ya mama mkwe. "Waliotangulia, mama."

Mama mkwe aliweka kopo la vifungo chini. "Aliumia sana?"

"Alikuwa anamtazama sisimizi."

"Ndivyo alivyo," mama mkwe alisema. "Ukimtuma chumvi, mboga inaiva bila chumvi, yeye yuko njiani kachutama." Akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili hakusita katikati ya sala.

Mwisho wa mwezi barua ilikuja. Ukaguzi umethibitisha kwamba tumbo ni zima. Dereva yuko kazini. Magari mengine kumi na mawili ya aina hiyo yamepelekwa kwenye njia ya darajani.

Kesho yake, saa nne, la kwao liliingia tena. Fundi aliweka shati chini akapanda. Mama mkwe alibaki barazani na vifungo vyake. Yeye alikwisha kumpa mwanawe mahali pake katika sala. Mkewe alitaka ile mikono kwenye usukani. Kutoka kambini mpaka darajani ni dakika arobaini, na mumewe hakuwa mtu wa kukimbiza gari.